Posho ya Miezi Kumi na Minne

Barua ilimfikia Jumanne, saa nne asubuhi, mashine kubwa ya kufulia ikiwa imeanza kukamua na sakafu nzima ikitetemeka. Tarishi wa ofisi aliinyoosha akiwa mlangoni, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua, akamsainisha kwenye kitabu chake, akaondoka. Wanawake wanane waliokuwa wakikunja mashuka waliinua vichwa, kisha wakaviinamisha wote kwa pamoja. Hapo akajua wameona.

Walimwita Pasi. Alipoajiriwa katika kitengo cha kufulia cha hospitali hiyo, miaka kumi na moja nyuma, aliwekwa kwenye meza ya kupiga pasi, na hata alipopanda hadi kuwa kiongozi wa zamu ya asubuhi, jina halikumwachia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mwenye viganja vikavu vya mtu aliyezeekea kwenye mvuke. Barua hakuwa na kawaida ya kupokea.

Aliisoma amesimama, mgongo ukutani. Aya ya kwanza ilisema ukaguzi wa orodha ya mishahara umegundua kwamba amekuwa akilipwa posho ya kukaimu, elfu themanini kila mwezi, kwa miezi kumi na minne baada ya muda wake wa kukaimu kwisha. Ya pili ilitaja jumla: milioni moja, laki moja na ishirini elfu. Ya tatu ilimpa siku saba ajieleze kwa maandishi, la sivyo fedha hizo zingekatwa kwenye mshahara wake kwa mikupuo mitatu.

Mshahara wenyewe ulikuwa laki nne na ishirini. Akapiga hesabu kichwani. Kwa miezi mitatu angebakiwa na nauli na chumvi.

"Ya nini hiyo?" Shangazi aliuliza kutoka mezani kwake, pale pembeni penye dirisha.

"Ya mkopo, Shangazi. Wamechanganya makato."

Uongo ulimtoka laini, kama shuka linavyoteleza kwenye meza. Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni, kisha akaenda kuhesabu foronya ambazo zilikwisha kuhesabiwa.

Shangazi hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa msimamizi wa kitengo, mjane wa miaka hamsini na tisa, na wote pale walimwita hivyo. Ndiye aliyemfundisha Pasi kutofautisha kwa pua shuka lililotakata na shuka lililolowa tu. Mwaka juzi kiharusi chepesi kilimpitia upande wa kulia. Alilazwa, akauguzwa, na ofisi ikampa Pasi barua ya kukaimu kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ilipokwisha, Shangazi alirudi kazini akiwa amevaa vizuri, amenyooka, na cheti cha daktari mkononi kikisema anaweza kazi.

Hakuweza. Mguu ulikuwa umerudi, lakini mkono wa kulia ulitetemeka, na kalamu ilikuwa ikimkimbia vidoleni. Kuzunguka wodi sita kwa ngazi kulimwacha hoi. Wiki ile ya kwanza Pasi alimwona akihangaika na daftari la wodi ya wazazi, akalivuta polepole upande wake, akaandika. Shangazi alimwachia. Kesho yake akaandika tena. Tangu hapo Pasi ndiye aliyejaza madaftari, ndiye aliyepanda ngazi, ndiye aliyegombana na watu wa ghala kuhusu sabuni, kisha Shangazi akatia sahihi yake chini, mstari uliopinda kama unyoya. Kilichobaki kilikuwa kuzivuta siku. Shangazi alihitaji kutimiza miaka ishirini na mitano ya kazi ili apate kiinua mgongo kamili, na sasa alikuwa amebakiza miezi saba.

Hayo kila mtu pale chini aliyajua. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Pasi peke yake ndiye aliyelijua.

Mwisho wa mwezi ule wa kwanza alipoangalia hati ya mshahara, alikuta posho ya kukaimu ingali pale. Jioni ileile, Shangazi alimwita nyuma ya makabati, akamtia mkononi karatasi iliyokunjwa. "Hii ya sabuni, mwanangu. Najua unanibebea mzigo." Ndani mlikuwa na elfu ishirini. Pasi angeweza kukataa. Angeweza kusema, Shangazi, acha, utanipa siku nyingine. Alifungua mdomo, ukatoka "asante." Na mwezi wa pili akapokea tena, na wa tatu, mpaka kumi na minne. Alilipwa na ofisi kwa kazi ya Shangazi, na akalipwa na Shangazi kwa kazi ileile.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alipanda hadi dirisha la karani wa mishahara. Karani alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Nilikuja hapa mwezi ule wa kwanza," Pasi alisema, "nikakwambia hela imezidi. Ukaniambia mfumo una wazimu wake, utajirekebisha wenyewe."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema, na ukacheka."

"Una maandishi?"

Hakuwa nayo. Mwezi wa pili alikwenda tena, akakuta foleni, akageuka. Mwezi wa tatu hakwenda. Hilo hakumwambia.

Karani alitazama kulia na kushoto, akasogeza mdomo kwenye tundu la kioo. "Sikiliza, dada. Barua hiyo ina mlango wa kutokea. Kazi ya usimamizi, ni nani aliyeifanya miezi yote hii? Madaftari yana mwandiko wa nani? Andika hivyo tu. Hela ya kazi uliyofanya haiwezi kuitwa ziada. Wewe utapona, na mimi pia nitapona."

"Na Shangazi?"

"Watampeleka kupimwa. Akionekana hawezi, atapumzishwa."

"Amebakiza miezi saba."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa tai yake. "Kila mbuzi na kamba yake," alisema, na akaanza kumwangalia mtu wa nyuma.

Siku zile Pasi hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia. Nyumbani alifagia sebule iliyofagiliwa, akapanga vyombo, akavipangua. Mumewe, fundi vigae, alirudi na magoti meupe kwa vumbi la saruji, akakaa kuvua viatu na kumtazama.

"Mama watoto, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Basi unakitafuta sana."

Hakuweza kumwambia kwa sababu kulikuwa na uongo mwingine uliotangulia, na huo ulikuwa mnene zaidi. Elfu themanini zile zilikuwa zikienda kwenye ada ya binti yao mkubwa, aliyekuwa chuo cha ukunga. Mumewe alipouliza fedha zinatoka wapi, alijibu kwamba ameingia upatu kazini. Mume akafurahi. Akajisifu kwa mafundi wenzake kwamba ana mke wa upatu. Kila alipouliza habari za wenzake, Pasi alilazimika kuzaa watu: mmoja mpishi wa jikoni, mmoja mfagiaji wa wodi ya watoto, mmoja mkorofi anayechelewesha kila mwezi. Mwisho walifika kumi na wawili. Na mwezi ambao mshahara ulichelewa, fedha zikapungua, ilibidi mmoja wao afiwe.

Mbaya zaidi, wifi yake alisikia. Wifi huyo, dada wa mumewe, aliuza viatu vya mtumba, na alikuwa na sauti ya kumwamsha mteja aliyelala nyumbani kwake. Kwa miezi mitatu alikuwa akiomba namba ya kuingia upatu huo. Pasi alikuwa amemwambia subiri mzunguko uishe. Mzunguko ulikuwa na tabia ya kutokwisha.

Alhamisi, mambo yaliharibika kazini. Chumba cha upasuaji kilileta magauni mapya ya kijani kwa mara ya kwanza, na kitambaa kipya hufuliwa peke yake. Pasi alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini akili ilikuwa kwenye aya ya tatu. Akayatupia magauni yale pamoja na mashuka ya wodi ya wanaume, akafungulia maji ya moto, akafunga mlango wa mashine.

Yalitoka mashuka themanini yenye rangi ya mboga iliyochemshwa.

Wanawake wa kukunja walisogea kuyatazama. Mmoja alikohoa kuficha kicheko. Kabla Pasi hajajua la kufanya, matroni alikuwa amekwisha kuitwa, na mlangoni alisimama akiwa ameshika shuka kwa vidole viwili.

"Nani kafanya hivi?"

Pasi alipiga hatua mbele. Kabla hajajibu, Shangazi alisimama mezani kwake, mkono wa kulia ameuficha mfukoni kama kawaida yake akiwa na wakubwa.

"Ni mimi, matroni. Niliagiza vibaya."

"Wewe? Miaka yako yote hii?"

"Hata mwenye miaka mingi hukosea. Nipe karatasi nitie sahihi."

Matroni aliandika taarifa ya uharibifu palepale, Shangazi akachora unyoya wake chini. Walipobaki wawili, Pasi alisema, "Shangazi, kwa nini?"

"Umenibebea mangapi wewe?" Shangazi alijibu, akamgusa bega, akarudi dirishani.

Pasi alikwenda chooni, akafungua bomba ili kelele isikike, akasimama hapo akijiuma kidole cha shahada mpaka meno yakaacha alama.

Jumamosi alasiri wifi alifika bila hodi, daftari kwapani na noti zimekunjwa ndani ya leso.

"Wifi yangu, leo sitoki hapa bila namba. Kama ni ya mwisho, nipe ya mwisho. Kama kuna aliyekufa, nipe ya marehemu."

Mume alikuwa mlangoni akisafisha kisu chake cha kukatia vigae. Alicheka. Pasi hakucheka. Alikuwa na kikombe mkononi, akakiweka mezani.

"Wifi," alisema, "upatu haupo."

"Haupo, umevunjika?"

"Haupo. Haujawahi kuwapo."

Kisu kiliacha kusuguliwa. Wifi alikaa taratibu kwenye kochi, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake. Pasi akawaeleza: hati ya mshahara, posho, karani, ada ya binti, barua. Aliitoa barua yenyewe kwenye mkoba, ikiwa imelegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Mumewe aliisoma mara mbili.

"Yule aliyefiwa na mamake," alisema hatimaye, "yule mfagiaji wa wodi ya watoto."

"Hayupo."

"Mimi nilimwombea, mke wangu. Nilipiga magoti nikamwombea."

"Na elfu tano yangu ya rambirambi?" wifi aliuliza.

"Nitakurudishia, wifi."

"Utairudisha leo," wifi alisema, lakini uso ulikuwa umeanza kumponyoka, na ghafla akaangua kicheko cha kugonga mapaja, mpaka machozi. "Jamani! Nimemlilia mtu asiyezaliwa!"

Mume hakucheka. Alitoka uani, wakamsikia akimwaga maji juu ya vifaa ambavyo alikwisha kuvisafisha. Aliporudi alikaa mbele ya mkewe, magoti karibu na magoti.

"Deni silijali," alisema. "Deni tutalipa, mikono ninayo. Lakini nimeishi mwaka mzima na watu kumi na wawili wasiokuwapo, na wewe ukiniangalia nikiwaulizia hali zao." Akasita. "Kuna kingine?"

Pasi alimtazama. "Hakuna," alisema.

Jumapili aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akavaa, akamwambia mumewe anakwenda kumwona Shangazi. Alitembea kwa miguu ingawa palikuwa mbali, maana kukaa kwenye kiti cha gari asingeweza. Mara mbili aligeuka njiani. Mara ya pili alikuwa amerudi hadi kwenye duka la kona, akasimama, akajisemea kwa sauti, "Nenda, mjinga wee," na mwenye duka akadhani anaambiwa yeye.

Shangazi aliishi ghorofa ya pili, vyumba viwili, ngazi zinazonuka mafuta ya taa. Alifungua mlango akiwa ameshika mpira laini wa sifongo katika mkono wa kulia, akiuminya.

"Pasi! Asubuhi yote hii? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Pita, keti."

Hakuketi. Alisimama katikati ya chumba, na macho yalipokosa pa kutua yakaangukia karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na kabati: ratiba ya mazoezi ya viungo, yenye jina la kliniki ya binafsi ya upande wa pili wa mji. Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu ilikuwa imefutwa kwa mstari mmoja.

"Siku hizi huendi Jumatatu?"

"Ah, mara moja kwa wiki yatosha," Shangazi alisema. "Ile ya hospitalini kwetu siwezi kwenda, wataniona mkono. Na hawa wanatoza elfu tano kila unapofika. Hela haitoshi kila mahali, mwanangu. Keti basi."

Elfu tano mara Jumatatu nne. Pasi hakuhitaji kalamu.

Alisema yote akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayetapika na anayetaka kumaliza. Barua haikuwa ya mkopo. Posho haikukoma. Kila alipopokea kijikaratasi nyuma ya makabati, elfu themanini zilikuwa tayari zimeingia. Mara ya kwanza aliduwaa. Mara zilizofuata hakuduwaa.

Shangazi aliacha kuuminya mpira. Ukaanguka, ukabiringika hadi chini ya meza, na hakuna aliyeufuata.

"Mara ngapi?"

"Kumi na nne."

"Laki mbili na themanini."

"Ndiyo."

"Niliacha Jumatatu kwa ajili yako," Shangazi alisema. Sauti haikupanda. "Daktari aliniambia vidole vingerudi kama ningeenda mara mbili. Nikasema, yule mtoto anafanya kazi yangu bure, siwezi kula jasho lake. Nikafuta Jumatatu."

"Nitakulipa, Shangazi. Zote."

"Na hao wenye barua, utawajibu nini?"

Pasi alimweleza alichoshauriwa na karani. Alimweleza pia kwamba hawezi kukiandika. Alitumaini, hata kama hakujua kwamba anatumaini, kwamba neno hilo lingempatia kitu: mkono begani, au angalau kuitwa mwanangu.

Shangazi alikwenda mlangoni, akaufungua. "Andika unachotaka," alisema. "Umezoea kuandika mahali pangu."

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe uani, akamwambia: kilikuwapo kingine. Akamwambia kipi. Fundi alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akasema, "Ya Shangazi kwanza. Ya ofisi baadaye." Jioni Pasi aliandika barua yake, fupi. Alikiri kupokea fedha, alikiri kuona na kunyamaza, akaomba akatwe elfu arobaini kwa mwezi mpaka iishe. Juu ya nani aliyeandika madaftari hakusema kitu.

Jumatatu asubuhi, alipofika kazini, alikuta wanawake wa kukunja wamesimama mlangoni hawaingii. Aliwapita. Shangazi alikuwa mezani, daftari la wodi ya wazazi mbele yake, kalamu katika ngumi ya mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeubana mwingine kwenye kifundo ili usiruke. Alikuwa akiandika. Herufi zilipanda na kushuka, zikatoka nje ya mistari. Pasi alisogea, mkono ukajinyoosha wenyewe kama kila siku.

"Acha," Shangazi alisema bila kuinua kichwa.

Ukurasa ambao Pasi angeumaliza kwa dakika kumi ulichukua saa nzima. Alizunguka mashine, akafungua vali, akafunga vali, akarudi, akamkuta kwenye mstari wa tisa. Saa tatu hakuweza kuvumilia tena, akapanda ofisini na barua yake.

Mkuu wa utumishi alikuwa mwanamume wa sauti ya chini, na watu walimwogopa kwa sauti hiyo kuliko wangemwogopa kwa kelele. Alisoma, akaweka barua chini, akailinganisha na ukingo wa meza.

"Umekiri. Watu hawakiri siku hizi, huleta wanasheria. Lakini nina swali dogo. Karani anasema madaftari ya usimamizi unaandika wewe. Ni kweli?"

Pasi aliisogelea meza. "Msimamizi ndiye anayeandika," alisema. "Ukishuka sasa hivi utamkuta ameshika kalamu."

Kwa asubuhi ile ilikuwa kweli. Alisema hivyo kwa kudhani wakubwa hawashuki. Mkuu wa utumishi akainuka, akachukua koti lake kwenye kiti.

"Twende."

Ngazi zilikuwa ishirini na sita, na Pasi alizihesabu zote kwa visigino vyake. Walimkuta Shangazi kwenye daftari la pili. Alipomwona mkuu hakuuficha mkono mfukoni. Aliendelea mpaka akamaliza neno, akaweka nukta, akatua kalamu. Mkuu alitazama ule ukurasa, kisha akachukua daftari la mwezi uliopita kwenye rafu, akalifungua, akayaweka mawili bega kwa bega. La zamani lilikuwa na mwandiko mdogo, wa duara, ulionyooka.

"Huu ni wa nani?"

Mashine zilikuwa zikiunguruma, lakini kila mtu alisikia. Pasi alifungua mdomo.

"Wa kwake," Shangazi alisema. "Miezi kumi na minne. Mimi mkono hauandiki, kama unavyoona. Cheti kile nilimbembeleza daktari. Yeye amefanya kazi yangu, na amelipwa mara mbili, na ninyi na mimi. Mashuka ya kijani pia ni yake. Sasa nimesema yote, nipelekeni mnakotaka."

Kisha akakaa. Alionekana mdogo kwenye kiti kile kuliko Pasi alivyowahi kumwona. Wanawake wa kukunja hawakukunja.

Mkuu aliyafunga madaftari. "Ungekuja kwangu," alimwambia Shangazi hatimaye. "Mfanyakazi aliyeumia anaweza kuhamishiwa kazi nyepesi na miaka yake ikaendelea kuhesabiwa. Kanuni ipo siku zote. Hakuna aliyeniuliza."

"Tulikuogopa," Shangazi alisema.

Mkuu alionekana kama mtu aliyeguswa mahali asipopategemea. Akayachukua madaftari yote mawili, akapanda nayo.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Kamati ilisema kazi ilifanyika lakini bila barua ya uteuzi, hivyo Pasi arudishe nusu: laki tano na sitini, elfu arobaini kwa miezi kumi na minne. Akapewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili lake. Karani wa mishahara akahamishwa dirisha. Shangazi alipimwa, akapelekwa ghala la mashuka, akae kwenye kiti na kuhesabu vinavyoingia na kutoka, hadi atimize miaka yake. Na usimamizi, ambao wote walidhani ungekuwa wa Pasi, akapewa kiongozi wa zamu ya jioni. Pasi ndiye aliyeambiwa amfundishe. Alimfundisha kuanzia vali hadi wodi ya mwisho, na akirudi nyumbani alimwambia mumewe kwamba mwanamke yule anafahamu upesi, kisha akachukua ufagio.

Mume alipata kazi ya kuweka vigae kwenye jengo la ofisi, akafanya hata Jumapili. Wifi alichukua elfu tano yake, akaanzisha upatu wa watu halisi, akakataa kumpa Pasi namba mpaka mzunguko wa pili. "Kwanza nione kama wewe upo," alisema.

Shangazi alilipwa kwa miezi minne, elfu sabini kila mwezi. Mara ya kwanza alipokea mlangoni, hakumkaribisha ndani. Alizihesabu noti palepale kwa mkono ule wa kulia, moja moja, na Pasi akasimama kwenye ngazi akibadilisha mguu. "Zimetimia," Shangazi alisema, akafunga. Mara ya pili ikawa vilevile. Ghalani, kazini, walisalimiana na kutajiana idadi ya mashuka, basi. Pasi alizoea kupita pale hata asipokuwa na haja, akiuliza kama foronya zimefika, akijua zimefika.

Mara ya tatu mlango uliachwa wazi, na Pasi akaona kwamba Jumatatu imeandikwa upya kwenye ratiba, kwa herufi kubwa zilizokwenda upande.

Mara ya nne Shangazi alihesabu akiwa amekaa mezani. Alimaliza, akaziweka noti chini ya sinia.

"Umemaliza," alisema.

"Nimemaliza, Shangazi." Pasi aligeuka aondoke.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kuna nini nyumbani? Keti. Niambie huyo binti wa ukunga amefaulu au hajafaulu."

Pasi alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini. Binti alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa moja, na mtihani wa kurudia ulikuwa mwezi ujao. Alieleza hivyo, na alipokuwa akieleza, mguu wake wa kushoto ulikuwa ukipigapiga sakafu, upesi upesi, bila yeye kujua.

"Hebu tuliza huo mguu," Shangazi alisema. "Unanitikisia meza."

Akautuliza. Baada ya muda ukaanza tena.